Muulize Sajini: Haniitikii, Anavuta Pumzi Tu

SWALI

Salaam, afande. Mimi ni askari jela, mwaka wa pili kazini, hapa Nairobi. Kwenye bloku yangu wameletwa vijana tisa wa Ethiopia waliokamatwa wakipita Kenya kuelekea kusini bila vibali. Mmoja wao ananitoa jasho. Wakati wa kuhesabu wafungwa nikisema chuchumaeni, yeye hubaki wima mpaka wenzake wamvute shati. Nikimwuliza jambo haniitikii, anavuta pumzi ghafla kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Wenzangu wananicheka, wanasema mgeni amenipanda kichwani, nimwandikie kosa la utovu wa nidhamu. Makaratasi yake yanasema alizaliwa 2001, ila uso ni wa mtoto wa shule. Chuoni hatukufunzwa mambo haya. Siku hizi silali vizuri, na nimeanza kuwafokea hata watoto wangu nyumbani. Nifanyeje?

Askari wa zamu ya usiku

JIBU

Mwanangu, usimwandikie kosa. Ile pumzi ndiyo jibu lake. Waethiopia wengi huitikia hivyo: hewa inaingia kifuani badala ya kutoka, na maana yake ni "ndiyo, nakusikia". Kijana amekuitikia kila siku kwa adabu ya kwao.

Lakini kuitikia si kuelewa, na hilo nililijua kwa machozi. Zamani, katika gereza moja la wanawake mbali na Nairobi, nililetewa binti wa Ethiopia. Kila nililomwambia alijibu "ishi". Panga mstari: ishi. Uko sawa? Ishi. Nikamwona msichana mtulivu asiyesumbua. Siku moja kwenye hesabu ya asubuhi nikamwona ameshikilia kona ya leso iliyolowa maji shavuni, na taya limevimba mpaka jicho limekuwa dogo. Tukamtafuta mfungwa wa Moyale, mji wa mpakani, aliyejua Kioromo, lugha ya binti huyo. Akatuambia jino limemuuma siku kumi na tisa. "Ishi" kwao ni "haya" tu. Siku zote hizo mimi nilimwuliza na yeye akanijibu, na hakuna aliyesikia mwenzake.

Tukafurahi kumpata yule mama wa Moyale, tukamfanya mkalimani wa kila kitu. Baadaye tukagundua anamtoza binti kipande cha sabuni kwa kila tafsiri, na yale ya kesi yake yanazungumzwa seli nzima. Kwa hiyo mfungwa mwenzake atumike kwa maji, chakula na blanketi. Ugonjwa, kesi na habari za familia zinataka mkalimani asiyelala naye chumba kimoja. Wala usione unaomba hisani. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema mfungwa aelezwe sheria za gereza na haki zake kwa lugha anayoielewa, na mkalimani aitwe kila inapohitajika. Mahakamani, Katiba yetu ya 2010 inampa mkalimani bila malipo.

Kanuni hizo hizo zinataka mfungwa wa kigeni awezeshwe kuwasiliana na ubalozi wake. Hapa nenda polepole. Muulize kwanza. Wapo waliokimbia serikali yao, na kumpigia balozi bila ridhaa yao ni kuwatia hofu kubwa. Mkimbizi ana njia yake: UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ina ofisi hapa hapa Nairobi.

Kuhusu mafunzo, malalamiko yako ni ya haki na usiyaache yapoe. Baraza la Ulaya, katika pendekezo lake la mwaka 2012 kuhusu wafungwa wa kigeni, lilisema askari wanaofanya kazi nao wachaguliwe kwa kuangalia lugha wanazojua na jinsi wanavyoheshimu mila za wengine, kisha wafunzwe. Sisi tunaona askari yeyote anatosha. Mwombe mkuu wa gereza nusu siku moja tu, aitwe Mwethiopia mzee kutoka mtaa wa Eastleigh akae nanyi na chai. Nendeni na daftari. Maji ni "wuha" kwa Kiamhari, "bishaan" kwa Kioromo. Anayesema "amonyal" anakuambia ni mgonjwa. Mzee huyo atawaambia pia kwamba Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wao hufunga nyama na maziwa, msije mkadhani mtu amegoma kula. Kwenye saa mtaelewana bila shida, maana wao huhesabu kama sisi: jua likichomoza, saa moja inafuata.

Huo usingizi unaokukimbia usiufiche. Tafuta mwenzako mmoja asiyecheka, au kasisi wa gereza, umweleze kama ulivyonieleza. Mtu anayepiga kelele kutwa nzima bila kueleweka huchoka kuliko mbeba mizigo wa Gikomba, na kelele hiyo humfuata mpaka nyumbani. Watoto wako waombe radhi.

Sasa lile lililonikosesha usingizi mimi: hiyo 2001. Ni ya kalenda gani? Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Mwaka wao wa 2001 ulianza Septemba 2008. Ikiwa karani aliuliza "umezaliwa mwaka gani" naye akataja mwaka wa kwao, basi huenda unamlinda mtoto katikati ya watu wazima, na Katiba inataka mtoto azuiliwe mbali nao. Labda ndiyo maana hajui kuchuchumaa, na labda ndiyo maana wenzake wanamvuta shati kama mdogo wao.

Mtafute mkalimani kesho. Waethiopia walisherehekea kuingia mwaka 2000 wao kwa shangwe kubwa, Septemba 2007 yetu. Muulize kijana kama alizaliwa kabla ya sherehe hizo au baada yake. Akisema baada, usingoje zamu iishe. Peleka jina lake kwa mkuu wa gereza, kwa maandishi, ubaki na nakala.