Onja maji kwanza: kwa vijana wapya wa bustani za hoteli

Juzi nimemkuta kijana anarusha mbolea ya Urea juu ya ukoka mkavu, saa sita mchana, Februari, Kaskazi linavuma. Nimemnyang'anya ndoo. Basi wadogo zangu, nayasema yote leo, maana koo limenichoka.

1. Onja maji ya kisima kabla ya kufungua mpira. Huku pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani hadi Matemwe, tumekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, tabaka jembamba. Kiangazi pampu ikivuta kutwa, chumvi inapanda.

Mnaniona mjuaji? Nilipoanza kazi palikuwa na harusi ya wageni bustanini, na nyasi zikaanza kupauka. Nikasema hizi zina njaa, nikazitia Urea. Ncha zikaungua. Nikasema zina kiu, nikawasha pampu usiku kucha. Zikazidi. Nikaongeza mbolea, nikaongeza maji, na nikamgombeza mwenzangu kwamba hamwagilii vizuri! Ikawa hivyo hadi mkwezi aliposhuka mnazini na kuomba maji anawe uso. Akasukutua, akatema, akaniangalia kwa huruma: "Mwanangu, hiyo bahari unaimwagia nini huku juu?" Sikuwahi kuonja. Maji yale yale nilikuwa nayaona kila siku yakiacha ukoko mweupe kwenye bomba, nami naupangusa kwa kitambaa ili papendeze. Mbolea nayo ikizidi inainyima mizizi maji, kwa hiyo nilikuwa naziua nyasi kwa mikono miwili. Bibi harusi alipita juu ya majamvi. Meneja hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ukoka ulirudi wenyewe masika yalipoiosha ardhi. Mimi sikuwa na mchango wowote.

Mbolea ya chenga kama Urea ni ya udongo wenye unyevu, alasiri, kidogo kidogo. Samadi iliyooza vizuri ni bora zaidi kwa mchanga wetu.

2. Chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, huzaliana kwenye magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi. Ondoa magogo, pindua marundo. Kileleni mtoe kwa waya wenye ndoano.

3. Angua nazi kabla ya kupanga vitanda vya wageni chini ya minazi, si baada.

4. Mnyaa, ule mti wa ua wenye utomvu mweupe, ukiukata, vaa miwani. Utomvu wake unachoma macho. Jamaa yetu mmoja alijifuta jasho kwa kofia aliyopangusia panga, akashinda chini ya bomba akiwaapiza wazazi wa aliyeupanda ua ule. Aliyeupanda ni yeye.

5. Makuti mabichi yaacheni. Mnazi ulionyolewa hadi ukabaki na makuti matatu unaitwa nadhifu na meneja tu.

6. Mlakasa, ule mmea unaotambaa ufukweni, msiung'oe, ndio unaoshika mchanga upepo wa Kusi ukija. Mkiamriwa kuung'oa, pelekeni reki kwanza kwenye mwani uliotupwa na bahari, mjifanye mna kazi nyingi mpaka amri isahaulike.