Dakika ya darubini si dakika ya saa

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anauliza: "Mwalimu, shikamoo. Mjomba wangu ana bunduki ya kibali, anafukuzia ngiri shambani. Maelezo ya darubini iliyo juu ya bunduki hiyo yanasema kila mbofyo mmoja wa kifundo cha kurekebishia shabaha ni robo dakika. Mimi dakika naijua ya saa tu. Hicho ni Kiswahili au ni tafsiri mbovu? Na niseme robo dakika au robo ya dakika?"

Marahaba. La pili ni jepesi: sema robo dakika, kama usemavyo nusu saa na robo kilo. "Robo ya dakika" si kosa, ila inachelewesha ulimi bure.

La kwanza ndilo lenye utamu. Dakika tumeipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kitu chembamba, kidogo. Hata unga huitwa kwa neno la ukoo huohuo. Kwa hiyo kabla ya kuwa muda, dakika ni kipande kidogo. Saa moja ukiigawa mara 60 unapata dakika. Digrii moja ya pembe ukiigawa mara 60, unapata dakika vilevile. Duara zima lina digrii 360, basi lina dakika 21,600. Darubini ya mjomba haijakosea.

Watu wa bahari wala hawashangai. Bagamoyo iko kama digrii 6 na dakika 26 kusini mwa ikweta, Tanga kama digrii 5 na dakika 4. Tofauti ni dakika 82, na asidhani mtu kwamba huo ni muda wa safari. Jahazi gani hilo! Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya bahari, mita 1,852, hivyo Tanga iko kama kilomita 152 kaskazini zaidi ya Bagamoyo.

Dakika hizi mbili zinaweza kukutana mahali pamoja zikamvuruga mtu. Tazama saa ya ukutani: dakika moja ya muda ikipita, mshale mrefu umesogea digrii 6, yaani dakika 360 za pembe. Ndiyo maana nashauri useme "dakika ya pembe" unapoitaja mara ya kwanza, kisha "dakika" tu. (Kwa wawindaji, pembe ni ya nyati kwanza. Lakini muktadha utamwokoa msikilizaji.)

Penye kosa hasa ni hapa: nimewasikia watu wakisema "dakika ni sentimita tatu." Sentensi hiyo imekatwa mkia. Funga nyuzi mbili kwenye msumari mmoja, uzivute zikiachana kidogo: kadiri unavyokwenda mbali, ndivyo nafasi kati yake inavyopanuka, ingawa pembe pale msumarini ni ileile. Kwa hiyo lazima umbali utajwe: dakika moja kwa mita 100 ni takriban sentimita 2.9, kwa mita 200 ni karibu 5.8. Risasi ya mjomba ikipiga sentimita 6 chini ya shabaha iliyo mita 100, amekosa kwa dakika mbili hivi, basi apandishe mibofyo minane. Sentimita hizohizo 6 kwenye mita 200 zinataka minne tu.

Nimetaja nyuzi, na najua wengi husema "nyuzi 90" kwa digrii 90. Ni sawa. Tatizo linakuja kwenye umoja: "nyuzi moja" inanikwaruza sikio, na "uzi mmoja" wa pembe sijamsikia mtu akiusema. Mimi hukimbilia digrii.

Darubini nyingine hazihesabu dakika bali mili. Hapo mjomba awe macho, kwani mili si milimita, wala si maili. Ni pembe inayofungua mita moja kwa kila mita 1,000, au sentimita 10 kwa mita 100, na ni kubwa kuliko dakika karibu mara tatu na nusu. Mbofyo wake kwa kawaida ni sehemu moja ya kumi ya mili: sentimita moja kamili kwa mita 100. Wingi wake ni mili hivyohivyo, mili moja, mili mbili. Ukiandika "mamili" nitakukata maksi.