Kwa shofa wa Kolwezi aliyeniuliza kuhusu erni diskali

«Yaya, kaka yangu, niko Kolwezi, nimelala chini sakafuni tangu Jumanne. Wamesema ni erni diskali. Mguu wa kushoto unawaka kuanzia takoni mpaka kwenye kidole kidogo. Wengine wanasema nipasuliwe, wengine wanasema ni ulozi wa wenzangu wa kazini, kwa sababu patroni alikuwa anataka kunipa kamyo mpya. Hapa mtaani kuna mzee anayevunja mgongo kwa dola kumi. Niende?»

Ujumbe huu ulinifikia Jumapili usiku. Niliusoma mara tatu, nikampigia simu, nikamwambia neno moja: usiende. Mengine nayaandika hapa kwa sababu hayuko peke yake na erni hii, yaani diski ya mgongo iliyotoa ute wake nje na kubana neva. Barabara ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa imejaa watu kama yeye na kama mimi: unaanza kwa kuosha kamyo, unapewa usukani wa mali ya mtu, na kila usiku unahesabu miaka iliyobaki ununue ya kwako, hata ikiwa Fuso kuukuu. Wewe unayesoma najua unaitaka siku hiyo. Mimi niliipata. Lakini karibu niikose kwa ajili ya kitu kidogo kuliko jicho la samaki, kilichotoka mahali pake ndani ya kiuno changu.

Mwaka 2014 nilikuwa naendesha kamyo ya patroni mmoja wa hapa Lubumbashi, nabeba mabamba ya shaba kutoka Kolwezi hadi mpakani. Safari si ndefu, kilomita 400 hivi. Kinachoua ni foleni ya Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia. Unakaa siku nne, siku tano, unalala kabini umejikunja kama mtoto tumboni, unasogea mita hamsini, unazima tena. Siku hiyo nilikuwa narudi Kolwezi bila mzigo. Nilipovuka Likasi tairi la nyuma likapasuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti saa sita bila kushuka. Nikaruka chini, nikainama, nikalishika tairi la akiba pamoja na rimu yake, kitu kinachokaribia kilo 100, nikaligeuza huku nimepinda kiuno upande.

Sikusikia mlio wowote. Kiuno kilikaza tu, nikamaliza kazi, nikaendelea. Asubuhi yake nilipiga chafya. Chafya moja. Moto ukashuka kutoka takoni, nyuma ya paja, kwenye shavu la mguu, ukaishia kwenye kidole kidogo, nikalia mbele ya msaidizi wangu, mtoto wa miaka kumi na tisa. Hilo sijalisahau.

Kwenye kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja jina, waliniambia ni mafigo. Nikachomwa sindano siku saba. Wakanipiga radio ya mgongo, yaani picha ya eksirei, wakasema mifupa iko sawa, basi hakuna kitu. Hapa nawaomba mshike jambo moja: radio inaonyesha mfupa. Diski si mfupa, na radio haiwezi kuionyesha. Mtu akikuambia radio yako ni safi kwa hiyo unajifanya mgonjwa, hajui anachosema. Patroni wangu aliamini ile radio. Wiki ya tatu alimpa mtu mwingine ufunguo wa kamyo yangu. Alituma mtoto kuja kuuchukua nyumbani, hakuja mwenyewe, wakati nilikuwa nimemfanyia kazi miaka sita bila kumgongea hata kioo cha pembeni. Nimemsamehe, ninasali kwa ajili yake, lakini bado nakumbuka jinsi mtoto yule alivyosimama mlangoni bila kunitazama.

Ndipo nikaenda kwa mtu anayevunja mgongo. Hakuniuliza swali hata moja. Alinilaza kifudifudi juu ya mkeka, akapanda juu yangu na kisigino chake, akakanyaga. Nilisikia «kra». Majirani walionipeleka huko wakashangilia. Jioni nilipotaka kusimama kwa vidole vya mguu wa kushoto, kisigino hakikunyanyuka. Mguu ulikuwa kama wa mtu mwingine. Kwa hiyo mdogo wangu wa Kolwezi, unaponiuliza niende au nisiende, mimi nakujibu nikiwa na mguu huo mwilini.

Mama Ilunga, mke wangu, aliuza friza yetu. Alikuwa anauzia samaki waliogandishwa kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, friza ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliiuza bila kuniuliza, akaniwekea pesa kwenye mto, akasema: «Dada yako yuko Yeoville, nenda.» Safari ya basi hadi Johannesburg sitaisimulia, kwa maana nililala kwenye sakafu ya basi katikati ya viti, na watu walikuwa wananiruka.

Dada yangu alinipeleka kwa daktari mwanamke wa kiropraktiki, yaani kutibu mgongo na viungo kwa mikono. Neno hilo nilikuwa silijui. Hapa Kongo tunawajua makine, wanaonyoosha watu baada ya ajali, lakini kiropraktiki ni wachache sana walioisikia. Afrika Kusini inafundishwa katika vyuo vikuu viwili, kimoja Johannesburg na kingine Durban, miaka isiyopungua mitano, na mtu lazima asajiliwe na serikali kabla ya kugusa mgongo wa mtu. Kazi yenyewe ilianzishwa na D. D. Palmer, mzaliwa wa Kanada, mwaka 1895 katika mji wa Davenport huko Marekani. Palmer aliamini karibu magonjwa yote yanatoka kwenye uti wa mgongo. Hilo si kweli, na daktari wangu mwenyewe aliniambia si kweli. Ukikutana na mtu anayedai kuponya kisukari au presha kwa kukunyoosha shingo, shika viatu vyako utoke.

Siku ya kwanza hakuugusa mgongo wangu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekuja kwa basi siku tatu, nimeuza friza, na yeye anauliza maswali! Unakojoa vizuri? Unahisi karatasi unapojifuta chooni? Umekonda? Una homa, jasho la usiku, kikohozi? Nilikasirika. Baadaye ndipo nilielewa. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo na kuzila polepole, na kwetu kifua kikuu kipo kingi. Mgongo wa namna hiyo ukiubinya kwa nguvu unaweza kuvunjika, na mtu akapooza. Vilevile saratani, vilevile mfupa uliovunjika, vilevile mifupa dhaifu ya wazee. Yule wa mkekani alikanyaga bila kujua lolote katika hayo.

Kisha akanigonga kwa kinyundo nyuma ya kisigino: kulia mguu ukaruka, kushoto ukanyamaza. Akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka, haukufika hata nusu ya njia nikapiga kelele. Kipimo hicho kina jina la Lasègue, tabibu wa Ufaransa wa karne ya 19. Baada ya hapo akanituma kwenye picha ya IRM (wengine huiita MRI), inayoonyesha hata diski, na picha ikasema alichokuwa amekwisha kusema yeye: diski ya mwisho kabisa, kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa sakramu ulio chini yake, imetoa kitu nje na kuibana neva ya siatiki, ile inayoshuka mguuni, kwenye mzizi wake.

Alinieleza kwa lugha ya shofa alipojua kazi yangu. Kati ya pingili za mgongo kuna diski 23. Kila moja ni kama tairi: pembeni kuna nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, ndani kuna ute mzito. Unapokaa umeinama mbele, ute unasukumwa nyuma. Mtikisiko wa kamyo unazichosha nyuzi siku baada ya siku. Siku moja unanyanyua kitu huku umepinda, nyuzi zinaachia, ute unatoka upande wa neva. Erni nyingi za kiuno hutokea kwenye diski mbili za chini, kwa maana hizo ndizo zinazobeba kila kitu.

Lakini hapo mfano wa tairi unakwisha, na hili ndilo nililotaka kuliandika tangu mwanzo. Tairi lililopasuka halijiungi. Mwili unajitibu. Ute uliotoka nje mwili unauona kama mgeni, unaushambulia na kuula, kidogo kidogo, kwa miezi. Watafiti waliokusanya uchunguzi mbalimbali mwaka 2015 walikuta kwamba vipande vilivyokatika kabisa vilipungua au kutoweka vyenyewe kwa wagonjwa 96 katika kila 100, wakati diski iliyovimba tu bila kupasuka ilirudi kwa 13 katika 100. Soma tena. Ile picha inayotisha zaidi ndiyo yenye matumaini zaidi. Na watu wengi wasio na maumivu hata kidogo, ukiwapiga IRM, unakuta diski zao zimetokeza. Picha peke yake haikuhukumu.

Basi mikono ya kiropraktiki inafanya nini? Nilimwuliza hivyo hivyo. Akajibu: «Mimi sirudishi diski mahali pake, na anayekuambia anairudisha anakudanganya. Mimi nakupunguzia maumivu ili uweze kutembea wakati mwili wako unafanya kazi yake.» Nampenda kwa jibu hilo mpaka leo.

Alinilaza kwenye meza iliyogawanyika katikati. Sehemu ya miguu ilikuwa inashuka na kupanda taratibu, inavuta kiuno kwa upole, naye ameweka kiganja kimoja mgongoni. Hakuna «kra». Wiki zote za mwanzo hakuna «kra», kwa sababu ya ule mguu uliokuwa dhaifu. Alisema udhaifu ukiongezeka ananipeleka kwa mpasuaji siku hiyo hiyo. Mara mbili kwa wiki, wiki sita. Nyumbani kwa dada nililala kifudifudi, nikainuka kwa viwiko, mara kumi, kila baada ya saa mbili. Siku ya tisa moto ulitoka kwenye kidole ukapanda hadi kwenye shavu la mguu. Nikadhani nimeharibika zaidi kwa sababu kiuno kiliuma kuliko jana. Akafurahi! Maumivu yanapoacha mguu na kurudi kuelekea mgongoni, hiyo ni dalili njema. Mtaalamu Robin McKenzie wa New Zealand aliligundua hilo katika miaka ya 1950, kwa bahati, baada ya mgonjwa kulala vibaya kwenye kitanda chake.

Na kutembea. Dakika tano, kisha kumi, kisha hadi kwenye kanisa la pembeni na kurudi. Wiki ya tano nilisimama kwa vidole vya mguu wa kushoto, nimeshika ukuta, na dada yangu akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Sisemi kila mtu atapona kama mimi. Huko Italia mwaka 2006 walichapisha utafiti wa wagonjwa 102 wenye maumivu mapya ya kiuno na mguu kwa sababu ya diski: kati ya waliotibiwa kwa mikono, 55 katika kila 100 maumivu ya mguu yaliisha, kati ya waliofanyiwa igizo la matibabu, 20. Ni tofauti kubwa, lakini si wote. Upasuaji nao si adui. Uholanzi mwaka 2007 walilinganisha wagonjwa 283: waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka, ila baada ya mwaka mmoja wote walikuwa karibu sawa. Kwa hiyo mwenye nafasi ya kungoja, angoje huku anatembea.

Huku anatembea, nasema. Ndugu zangu mnaoweka mgonjwa kitandani mwezi mzima juu ya ubao, mnamdhoofisha. Mama mnaomnyima mume kusimama kwa huruma, mwacheni asimame. Ninyi mapatroni, mtu aliyekuletea faida miaka sita akiumia kiuno mpe miezi mitatu, atarudi. Na ninyi mnaosema ni ulozi, mnamtenganisha mtu na wenzake wakati ambao anahitaji bega la kushika. Na sisi mashofa wenyewe: kila saa mbili shuka, tembea kulizunguka gari. Ukishuka, usinyanyue kitu mara moja, tembea kwanza. Kifurushi cha pesa toa mfuko wa nyuma. Tairi ni la watu wawili. Na utembee.

Nilirudi kwenye usukani mwaka 2015. Leo nina kamyo mbili, na friza mpya iko soko la Kenya, kubwa kuliko ile.

Mdogo wangu, kesho asubuhi niandikie mambo matatu: unaweza kutembea kwa visigino? Unaweza kusimama kwa vidole vya mguu wa kushoto peke yake? Na sehemu inayokaa kwenye tandiko la baiskeli, unaihisi? Hiyo ya tatu ikifa ganzi, au mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, au miguu yote miwili ikilegea, usiniandikie mimi, usiende kwa kine wala kwa mtu wa kiropraktiki. Hapo ni hospitali kubwa, kwa mpasuaji, saa ile ile, hata kama ni usiku, kwa sababu neva zikibanwa hivyo zaidi ya siku moja au mbili zinaweza zisirudi tena.

Kama hayo hayapo, mwambie mke wako akutafutie kine aliyesoma, atakayekuuliza maswali kabla ya kukushika. Alhamisi napakia Kolwezi. Nitapita kwako jioni nikimaliza, tutatembea pamoja mpaka kwenye gudroni, barabara ya lami, na kurudi.