Kwa wanajiolojia wapya: modeli ya 3D ionyeshe na pale tunapokisia

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye migodi ya Geita, Kahama au Tarime, modeli ya bloku (mwamba uliogawanywa kwenye kompyuta kuwa vipande, kila kimoja na kadirio lake la dhahabu) haitofautishi yenyewe palipopimwa na palipokisiwa. Bloku iliyo kati ya mashimo ya uchorongaji yaliyopishana mita 20 huwa nyekundu sawasawa na ile ya ukingoni ambayo shimo lake la karibu liko mita 120. Bosi akiizungusha kwenye skrini huona dhahabu kila mahali. Ni juu yako kumwonyesha.

Wengi hukimbilia kupaka bloku rangi kwa variansi ya kriging, yaani kipimo cha shaka kinachotoka kwenye kriging, mbinu ya kukadiria bloku kwa sampuli za jirani. Itumieni, ila jueni mipaka yake. Mbinu hii chimbuko lake ni kazi ya Danie Krige ya mwaka 1951 kwenye dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Georges Matheron wa Ufaransa ndiye aliyeijengea nadharia. Variansi hiyo hutokana na variogramu (grafu ya jinsi sampuli zinavyotofautiana kadiri zinavyoachana) na mahali sampuli zilipo. Majibu ya maabara ya sampuli za jirani haiyaangalii. Bloku iliyozungukwa na sampuli za gramu 2, 2 na 2 kwa tani, na nyingine yenye 0.1, 0.3 na 40, mpangilio wa mashimo ukiwa uleule, zitapewa variansi moja. Kwa dhahabu, inayobadilika ghafla ndani ya mita chache, hilo ni la hatari kweli.

Kwa hiyo mimi hupendelea simulesheni. Tengeneza modeli 100 ambazo zote zinaheshimu sampuli, kisha hesabu kwa kila bloku ni ngapi zimevuka kiwango cha chini kinacholipa kuchimba. Zikiwa 60, uwezekano ni 60%. Namba hiyo hata msimamizi wa shimo la mgodi anaielewa papo hapo.

Kwenye kuchora, msionyeshe shaka kwa kufanya bloku zipenyeze mwanga. Rangi ya bloku ya nyuma huingia kwenye ya mbele, na mtazamaji akasoma thamani isiyokuwepo. Kateni sekisheni (mikato ya modeli), na mweke picha mbili zilizotazamwa kutoka pembe moja: hii kiwango cha dhahabu, ile uwezekano. Rangi za upinde wa mvua ziacheni kabisa, kwa sababu njano yake huchora mpaka ambao mwamba hauna. Rangi moja inayotoka nyepesi kwenda nzito inatosha. Mashimo ya uchorongaji yabaki yakionekana muda wote, hata kwenye mkutano wa wakubwa, maana ndiyo ushahidi pekee tulio nao.

Mpaka wa mshipa nao, pasipo na mashimo ya kutosha, uchoreni kwa nyuso kadhaa zinazowezekana badala ya moja.

Mkiulizwa pa kuchoronga tena, anzeni na bloku za karibu na 50%, hasa zinazoamua ukingo wa shimo la mgodi uwe wapi. Za 95% na za 5% zinaweza kusubiri.