Usiipige msasa fimbo ya babu yako kabla hujajua ni ya nani

Mkuu, weka huo msasa chini. Nilikuwa nasoma swali lako vizuri tu mpaka pale uliposema wikiendi hii utaikwangua vanishi fimbo ya mianzi aliyokuachia babu, ile ya kuvulia samaki kwa nzi bandia (chambo kilichotengenezwa kifanane na mdudu), uipake mpya ili "ipendeze kwenye picha", ndipo uulize kaitengeneza nani, ina thamani gani na inataka mshipi wa uzito gani. Ukishaikwangua, hilo la kwanza hakuna atakayeweza kukujibu.

Hata mimi fundi mmoja alinishawishi kama unavyojishawishi wewe. Yangu ilikuwa kama yako, vipande vitatu na ncha ya ziada, vanishi imekolea kama asali, nyuzi za hariri zilizofungwa kuizunguka zimeanza kufumuka. Akaniambia, "Mzee, bila kung'arishwa hii haiuziki." Akakwangua vanishi yote, akang'oa hariri na kufunga nailoni nyekundu, kisha viungio vya metali vinavyounganisha vipande akavipitisha kwenye mashine ya kung'arishia. Ilirudi inameta. Nikaipeleka kwa mkusanyaji anayezijua fimbo hizi. Akakilaza kiungio chini ya taa, akaniita nitazame: herufi PAT, halafu 187, na tarakimu ya mwisho imesuguliwa ikaisha. Fimbo za zamani za H.L. Leonard wa Marekani ziligongwa kwenye viungio miaka ya hataza zake, 1875 na 1878. Kwa hiyo huenda ilikuwa Leonard. Huenda! Nani atoe maelfu ya dola kwa huenda? Na kile kiungio dume kilikuwa kimelika kiasi kwamba ukikiingiza kwenye jike kinachezacheza. Hata kuvulia ikawa haifai.

Yule bwana alijitangaza kuwa mtaalamu wa fimbo za kale, akachukua hela ya kazi, na hakuwahi hata kuangalia kama kuna maandishi kabla ya kuwasha mashine. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wako wengi wa aina yake, na wote wana picha nzuri za "kabla na baada".

Elewa kitu unachotaka kukisugua. Fimbo nyingi nzuri ni papi 6 za mwanzi wa Tonkin, unaotoka Guangdong, China, zilizorandwa pembe tatu na kugundishwa zikawa fimbo moja ya pande sita. Nyuzinyuzi zenye nguvu ziko chini tu ya ganda la nje. Ndiyo maana mtengenezaji huranda ndani, na nje huondoa ganda tu kisha akaacha. Unene wake hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Msasa unaanza kula palepale penye nguvu, na ukishakula haurudishiki.

Halafu kuna utambulisho. Fimbo nyingi hazina muhuri, kwa hiyo zinatambuliwa kwa rangi ya nyuzi zile, mahali zilipofungwa, umbo la kikalio cha rili (pale inapokaa rili, gurudumu la kukunjia mshipi), aina ya viungio. Nyingine ziliandikwa kwa wino kwenye mwanzi wenyewe, juu kidogo ya mpini, na vanishi ikapakwa juu ya wino. Hardy wa Alnwick, Uingereza, waliandika hapo jina lao na neno Palakona. Vanishi ikitoka, wino nao unatoka.

Ruhusa unayopata kwangu ni kitambaa laini chenye unyevu kidogo, basi. Usiku zima taa, washa tochi uilaze sambamba na mwanzi, uizungushe fimbo polepole upande kwa upande. Maandishi yaliyofifia huonekana hivyo. Pima pia vipande vyote: kwa kawaida vinalingana urefu, na ncha iliyopungua hata inchi mbili ilishavunjika ikatengenezwa, thamani inashuka sana.

Inaweza kuwa ya kawaida, ndiyo. Montague, South Bend na Horrocks-Ibbotson walizitoa kwa wingi mno viwandani, na zile za Japani za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zinazokaa kwenye sanduku la mbao pamoja na nzi wake, hazina bei ya kukutoa jasho. Uzee peke yake haulipi. Lakini hilo uamue baada ya kujua ni ya nani.

Piga picha za karibu: viungio vyote kila upande, kikalio cha rili, kifuniko chake cha chini, na mwanzi ule wa juu ya mpini ukiwa umemulikwa kwa tochi. Zitupie hapa tuzitazame. Viungio vikikataa kuachana, usivisokote, vivute kwa kunyoosha. Na dawa ya kutoa rangi, kama hujafungua kopo, irudishe ulikoinunua.