Upepo umeezua paa, mafundi wamejaa mlangoni: yupi wa kumpa kazi?

Mkuu, pole sana wewe na wazee. Umeeleza kwamba upepo umeezua nusu ya paa la nyumba ya wazazi huko Kilwa, wewe uko Dar, mafundi watatu wameshakupigia simu, na mmoja anataka umtumie nusu ya hela leo hii ili awahi mabati kabla hayajapanda bei. Huyo anayetaka hela leo achana naye. Hata kama si mwizi, fundi anayekutajia bei ya paa ambalo hajapanda kuliangalia anakuuzia mabati tu, nyumba bado hajaijua.

Kwanza ondoa haraka. Watu wengi wanapigwa kwa sababu wazee wanalala chini ya mawingu na kila mtu nyumbani anapiga kelele "fanyeni jambo". Nunua maturubai mazito, vijana wa mtaani wayafunge juu ya vyumba viwili vinavyolalika, vitu vihamishiwe humo. Ukishafanya hivyo umejinunulia wiki mbili au tatu za kuchagua kwa akili iliyotulia. Kabla hawajafunga, mtu apige picha kila pembe. Na mabati, mbao na misumari vilivyoanguka visitupwe wala kugawiwa majirani mpaka fundi avione, maana ndivyo vitakavyokuonyesha fundi wa kweli ni yupi. (Kama nyumba ina mkopo wa benki, ulizia kwanza kama ina bima. Ikiwa nayo, kampuni ije ione kabla hujagusa kitu.)

Haya ninayoyasema niliyaona kwa mama yangu Mafia, baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024. Walikuja mafundi kadhaa. Karibu wote walisimama uani, wakahesabu mabati kwa kidole, wakataja bei. Mmoja, mtu mzima kutoka kijiji cha pili, hakutaja bei kabisa. Alikwenda pale mabati yalipoangukia chini ya minazi, akachuchumaa, akaligeuza bati moja na kuanza kutazama matundu ya misumari. Tundu moja lilikuwa limechanika refu kama jicho la samaki. Akasema, "Hapa msumari umebaki juu, bati limejivuta likapita kwenye kichwa cha msumari." Akageuza jingine, hilo lina msumari mzima umening'inia. "Huu umechomoka kwenye papi. Mbao imeoza, au msumari ni mfupi." (Papi ni zile mbao za kulala ambazo mabati hugongewa.) Kisha akaomba ngazi akapanda ukutani kutazama kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa zima, zilikuwa zimeshikwa na nini.

Mkuu, hiyo ndiyo kazi unayoilipia. Paa huondoka kwa namna tofauti na kila namna ina dawa yake. Bati likichanika na kuacha msumari kwenye papi, ama bati ni jepesi mno, ama misumari ilikuwa michache, ama haikuwa na kofia pana na mpira. Msumari ukichomoka pamoja na bati, shida ni papi au msumari wenyewe. Papi zikiondoka na mabati yake zikaacha kenchi zimesimama, papi hazikugongwa sawasawa kwenye kenchi. Na kenchi nzima zikiruka, ndiyo mbaya kuliko zote, jua hazikufungwa ukutani, au kifungo kimekufa. Zilikaa kwa uzito wake tu. Kwa mama yalikuwepo mawili: upande mmoja misumari, upande wa pili kenchi mbili ziliondoka kwa sababu waya wa kufungia ulikuwa umeliwa na kutu ya chumvi ukabaki unga. Ukimpa kazi mtu asiyeyatazama hayo, atakuwekea mabati mapya yanayong'aa juu ya ugonjwa ule ule, na upepo ujao utayachukua.

Kwa hiyo swali la kumpima fundi ni moja: "Paa hili liliondoka kwa nini?" Akijibu "upepo ulikuwa mkali", mshukuru na umsindikize. Upepo ulikuwa mkali kwa jirani pia, na paa lake lipo. Anayefaa atakuambia upepo hauzisukumi nyumba tu, unanyanyua. Unashika ncha za paa, pembeni na kileleni, na mlango au dirisha likifunguka unaingia ndani ukasukuma kwa chini. Ndiyo maana kule kwenye kingo misumari inatakiwa ikaribiane kuliko katikati, na paa lisitokeze nje ya ukuta zaidi ya futi mbili hivi. Misumari igongwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji yanapita. Na kwa sisi wa pwani, muulize ataanzia upande gani kupanga mabati. Anayejua pepo zetu za kusi na kaskazi ataanza upande unaoupa upepo kisogo, ili mapishano ya bati na bati yasiukabili upepo na kunyanyuliwa. Nimeona fundi kijana anajibu hilo swali bila kusita, na mwenye miaka mingi kazini anabaki kunitazama. Umri si kigezo.

Usiridhike na picha za simu. Picha ya nyumba nzuri inaweza kuwa ya mtu yeyote. Mwambie akutajie nyumba aliyoiezeka ambayo ilipigwa na upepo huu huu ikabaki, kisha mtume mtu unayemwamini, mjomba au shangazi, akaongee na mwenye nyumba bila fundi kuwepo. Aulize: inavuja? alimaliza kazi au aliiacha njiani? ulipomwita arekebishe alirudi? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Wageni wanaofika na pikapu siku mbili baada ya dhoruba, wakaondoka kwenda wilaya nyingine, hata kama wanajua kazi, paa likivuja masika utawapata wapi?

Kuhusu usajili: kama ni gesti, shule au jengo kubwa, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi na uhakikishe na bodi wenyewe. Nyumba za kawaida za kwetu zinaezekwa na mafundi wa mtaani. Cheti cha VETA ni kizuri, lakini hakichukui nafasi ya kwenda kuona kazi yake.

Vifaa nunua mwenyewe, au mtu wako alipe dukani moja kwa moja akachukue risiti. Fundi aandike orodha tu. Kwenye mabati kumbuka namba ya geji (kipimo cha unene) ikipungua bati linakuwa nene: 28 ni zito kuliko 30, na 32 ni jepesi sana kwa nyumba iliyokaa wazi kwa bahari. Mbao "zenye dawa" kata kipande uangalie. Kama rangi imeishia juu juu na ndani ni nyeupe, hiyo imepakwa tu. Na kama hakuna mkanda wa zege juu ya ukuta, usikubali kenchi zirudishwe hivyo hivyo. Kozi ya juu, yaani mstari wa mwisho wa tofali, itolewe, umwagwe mkanda wenye nondo, ziachwe nondo zimesimama za kukunjia juu ya kenchi. Itaongeza gharama, najua, na ndiyo gharama ya kwanza watu wanayoikata. Afadhali upunguze jipsamu na rangi.

Hela ya ufundi igawe kwa hatua: kidogo ya kuanzia, nyingine kenchi zikishafungwa na mtu wako amepanda kuziona kabla hazijafunikwa, nyingine mabati yakiisha, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi mzuri atabishana kuhusu kiasi, hilo ni haki yake, ana watoto. Anayekataa mpango wenyewe ana sababu zake. Andikianeni karatasi, hata ya daftari: kazi gani, geji gani, bei, siku za kuanza na kumaliza, sahihi za mashahidi wawili, na nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji.

Wale mafundi wawili waliobaki waombe waende wapande juu bila malipo ya awali. Ukipata picha za juu ya ukuta, pale kenchi zilipokuwa zimekaa, ziweke hapa. Nitakuambia kama mkanda upo na kama zile kenchi zilizobaki zinaweza kuokolewa.