Nani alifuta faktire?

Yaya, unauliza nani alifuta faktire 3 kwenye depo yenu ya Birere, na kumbe wote watatu mnaingia kwenye hifadhidata kwa jina moja, postgres. Hapo hutajua. Tena huyo ndiye mtumiaji mkuu: PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata hiyo, haimkatalii kitu, hata kuzima logi zenyewe (kumbukumbu za nani alifanya nini).

Kila mtu apewe jina na nywila yake. Wa kese mnyime DELETE, yaani ruhusa ya kufuta. Akikosea, aandike faktire ya kusahihisha. Kisha weka pgaudit, nyongeza inayoandika amri kwenye logi, uongeze %u kwenye log_line_prefix, mpangilio wa mwanzo wa kila mstari wa logi (bila hiyo jina la mtumiaji halionekani), na logi zihifadhiwe kwenye mashine nyingine.

Kwetu Bukavu nywila ilibandikwa kwa skochi pembeni ya skrini. Mwezi mzima tulishukiana bure.